Robo ya Yuro

Saa moja kasoro robo, kabla sijafungua kufuli,
Bi Roswitha Kretzschmar ameshasimama mlangoni
na kigari cha mtoto ambaye sasa ni baba wa watu huko Hamburg.
Ndani ya kigari: mifuko minne ya bluu,
fimbo yenye ndoano ya waya wa hanga,
tochi, na glavu moja, ya kulia.
Ya kushoto ilidondokea ndani ya pipa la stesheni
majira ya baridi yaliyopita, naye hakuinama kuifuata.
"Pipa nalo lina haki yake," aliniambia.

Habari ya asubuhi. Njema. Hatuulizani zaidi.

Miaka ishirini na mitatu alishona makoti
katika kiwanda ambacho leo kinauza picha za kuchora
na kahawa ya bei ya makopo kumi na sita.
Ukuta ulipoanguka
kiwanda nacho kikamwangukia.
Pensheni yake huingia mwezi ukianza
na kufika tarehe kumi na tisa imekwisha pumzi.

Jungu kuu halikosi ukoko,
na Leipzig ni jungu kuu, hasa usiku wa mpira.
Kopo moja, robo ya yuro.
Chupa ya bia, senti nane tu, na uzito wote ule.
Mashine inameza, inalia, inahesabu,
kisha inakupa vitufe viwili: cha kijani risiti, cha njano sadaka.
Siku moja miwani yake iliingia ukungu, akabonyeza njano.
Yuro nne na senti sabini na tano
zikaenda kwa watu asiowajua.
Alicheka mpaka akaiegemea mashine.
"Leo mimi tajiri, Thilo. Nimetoa sadaka."

Jumatatu akatoa kopo lililosokotwa.
Halikukanyagwa, halikubondwa.
Lilisokotwa,
kama mtu anavyokamua tambara la deki,
mizunguko miwili na nusu, kifua kikatazama kisogoni.
Mashine ikalitema.
Akaligeuza. Ikalitema.
Akachomoa kijiko mfukoni, akaanza kulinyoosha
polepole, kama anayepiga pasi ukosi wa koti la mtu mkubwa,
akiitafuta ile mistari myeusi
isimame tena, isomeke.

Mkono uliofanya vile naujua.
Ndio huu ulioshika funguo.
Tangu miaka kumi na mitano nasokota makopo;
zamani wasichana walikuwa wakicheka.
Jumamosi, kando ya ziwa, nilisokota saba
nikayatupa majanini, moja baada ya jingine,
nikasema tunavyosema sote: wapo wa kuokota.

Wapo.
Alikuja na tochi.

Nikatoa sarafu. Robo ya yuro, kamili.
Akaitazama kama inzi kwenye supu.
"Mimi siombi. Nauza."
Akarudi kwenye kijiko chake.
Mara ya tisa mashine ikasoma,
ikalia ule mlio wake mfupi wa kushiba.
Kwenye mfuko yalibaki sita.
Niliyahesabu nikijifanya nafagia.

Sikumwambia. Nilifagia pale pale
mpaka meneja akauliza kama nimepoteza kitu.

Bado nakunywa, sijawa mtakatifu.
Ila kopo likiisha nalisimamisha kando ya pipa,
lisiingie ndani, mtu asitumbukize mkono mpaka kwapani
akakutana na vioo na mavi ya mbwa.
Nalisimamisha zima, mdomo juu,
na vidole vinaniwasha, wallahi, vinataka kusokota.

Jana nilikaa benchi la ng'ambo nione nani atakuja.
Akaja kijana wa viatu vyeupe, simu sikioni.
Hakuvunja hata hatua: teke moja,
kopo likaruka ukingo, likatua mferejini,
likaelea, likianza kunywa maji kidogo kidogo.

Nikavua viatu.
Kisha soksi.